Ubao wa sataranji husomwa: tuukague kabla ya kuuchapa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie kosa dogo lililoenea mno katika magazeti, matangazo ya biashara, filamu na mabango ya kampeni: picha ya sataranji iliyopangwa kombo. Wachezaji wakiiona hucheka na kurushiana kwa simu, kisha basi. Mimi naona inafaa kuandikiwa barua, kwa sababu anayeujua mchezo huu haitazami picha hiyo kama pambo. Huisoma kete kwa kete, na palipo na kosa hupaona kabla hajazitambua sura za waliopigwa picha. Isitoshe, kosa lenyewe huzuilika kwa dakika mbili za ukaguzi, bila gharama yoyote.

Nianze na kona, maana ndiko makosa mengi yanakozaliwa. Kanuni za Shirikisho la Sataranji Duniani, FIDE, katika kifungu cha 2.1, zinaagiza ubao ukae kati ya wachezaji wawili hivi kwamba mraba wa kona ulio mkono wa kulia wa kila mmoja uwe mweupe. Ubao una namna mbili tu za kukaa, kwa hiyo asiyejua kitu akiuweka kwa kubahatisha, nusu ya mara atapatia na nusu atakosa. Kisha wanakuja mfalme na malkia, wanaokaa katikati ya safu ya nyuma. Malkia hukaa kwenye rangi yake, mweupe penye weupe na mweusi penye weusi, hata malkia wakawa wanatazamana na wafalme nao wakatazamana. Kila upande una nafasi nusu ya kuwakosea wawili hao. Zidisha nusu hizo tatu utapata moja ya nane. Yaani mpangaji asiyejua mchezo atatoa picha sahihi mara moja tu katika kila mara nane, na hapo hatujamhesabia farasi na maaskofu waliobadilishana nafasi.

Makosa hayo kanuni hazikuyapa uzito sawa. Ikigunduliwa katikati ya mchezo kwamba ubao umekaa vibaya, mchezo unaendelea. Mwamuzi huhamisha tu kete zote, kila moja mahali pake palepale, hadi kwenye ubao uliokaa vizuri. Lakini ikigunduliwa kwamba kete zilipangwa vibaya tangu mwanzo, mchezo unafutwa na kuanzishwa upya. Kwa hiyo tangazo lenye mfalme na malkia waliobadilishana viti linaonyesha mchezo ambao mwamuzi angeufuta.

Kuna chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii, nacho kiko katika chumba cha habari, si kwa mpiga picha. Msanifu wa kurasa akitaka mgeni rasmi atazame ndani ya ukurasa badala ya nje, huigeuza picha kushoto kulia, kama inavyoonekana kwenye kioo. Katika picha ya mkutano wa hadhara pengine hakuna atakayegundua. Katika picha ya sataranji, kona nyeupe inahamia kushoto na malkia mweupe anahamia kulia kwa mfalme wake. Dalili yake ni hii: kona ya kulia ya mchezaji ni nyeusi, na bado malkia wote wawili wako kwenye rangi zao. Ukikuta hivyo, tazama tarakimu za saa ya mchezo, herufi a hadi h na namba 1 hadi 8 zilizo kwenye ukingo wa ubao, na maandishi ya fulana. Yakisomeka kinyume, picha imegeuzwa na dawa ni kuirudisha ilivyokuwa. Yakisomeka sawasawa, ubao wenyewe ndio ulizungushwa robo. Na kama una herufi utaona herufi hizo ziko ubavuni, na namba ndizo ziko mbele ya wachezaji.

Hapa lazima niwatetee wapiga picha dhidi ya wasomaji wenzangu wenye haraka. Picha nyingi hupigwa kutoka ubavuni, mchezaji mmoja akiwa kushoto mwa picha na mwenzake kulia. Katika picha kama hiyo, kona ya karibu iliyo upande wa kulia wa picha ni nyeusi, na ndivyo inavyotakiwa. Kulia kunakotajwa na kanuni ni kulia kwa mchezaji aliyekaa kitini, si kulia kwa kamera. Nimesoma malalamiko makali yaliyotumwa magazetini kuhusu picha ambazo hazikuwa na kosa hata moja. Kabla ya kulalamika, jiweke kwanza kwenye kiti cha mchezaji.

Picha inayoharibika kuliko zote ni ile ya ufunguzi wa mashindano, pale mgeni rasmi anapoombwa kucheza hatua ya kwanza. Weupe ndio huanza, na wana hatua 20 tu wanazoweza kuanza nazo: kila kimoja kati ya vitunda vinane kinaweza kwenda mraba mmoja au miwili, hizo ni 16, na farasi wawili wana hatua mbilimbili, hizo ni nne. Ngome, maaskofu, malkia na mfalme wote wamezibwa. Kwa hiyo waziri aliyeinua malkia juu, vitunda vyote vikiwa bado vimejipanga mbele, anaonyeshwa akifanya jambo lisilowezekana, hata kama tabasamu lake ni zuri. Vilevile aliyeketi upande wa kete nyeusi hawezi kupigwa picha akifungua mchezo. Waandaaji wanaojua kazi yao humnong'oneza mgeni mapema: shika kitunda kilicho mbele ya mfalme au mbele ya malkia, kipeleke miraba miwili, kiache, kisha mpe mkono mchezaji. Kawaida mchezaji mwenyewe ndiye huchagua hatua hiyo. Mambo yakienda ovyo huenda ovyo hata kwenye jukwaa kubwa: London, Novemba 2018, mwigizaji Woody Harrelson alipoalikwa kufungua mchezo wa kwanza wa ubingwa wa dunia kati ya Fabiano Caruana na Magnus Carlsen, mfalme wa Caruana alilala chali kabla hata mchezo haujaanza.

Saa nayo huwasaliti waigizaji. Ile ni saa ya pande mbili, na wakati wowote upande mmoja tu ndio unaotembea. Mchezaji husogeza kete kwanza, kisha hubonyeza kitufe, tena kwa mkono uleule uliosogeza kete. Kanuni imeandika hivyo. Kwenye matangazo ya televisheni utaona mtu akisogeza kwa mkono wa kulia na kubonyeza kwa wa kushoto, au akibonyeza kabla ya kusogeza, au saa imewekwa pale kwa uzuri tu haina hata betri. Utamwona pia akiichukua kete, akiizungusha vidoleni huku akiwaza, kisha akairudisha na kushika nyingine. Mashindanoni ukiigusa kete yako kwa nia ya kuicheza umefungwa nayo: kama ina hatua halali, lazima uicheze hiyo.

Kwa picha ya mchezo ulioko katikati, ukaguzi unaenda hivi. Hesabu miraba: nane kwa nane, jumla 64. Siku hizi hili si la kudharau, maana picha zinazotengenezwa na programu za akili bandia hutoa ubao wa miraba saba kwa tisa, au miraba miwili myeupe iliyobanana ubavu kwa ubavu, na wafalme watatu juu yake. Kila upande uwe na mfalme mmoja, si zaidi, si pungufu. Wafalme wawili hawawezi kukaa kwenye miraba inayogusana, wala hawawezi wote kuwa wametishiwa kwa wakati mmoja. Kitunda hakikai kwenye safu ya kwanza wala ya nane kamwe: hakirudi nyuma, na kikifika mwisho hubadilishwa kuwa kete nyingine papo hapo. Maaskofu wawili wa upande mmoja huenda mmoja kwenye miraba myeupe na mwenziwe kwenye myeusi; ukiwakuta wote kwenye rangi moja huku vitunda vinane vya upande huo vingalipo, aliyepanga alikuwa akirembesha meza. Mwisho, idadi ya kete haizidi 16 kwa kila upande, pamoja na zile zilizoliwa na kuwekwa kando.

Wanaonunua vifaa kwa ajili ya tangazo au jukwaa la maigizo wakumbuke vipimo pia. FIDE inapendekeza mfalme wa takriban sentimita 9.5 na mraba wa sentimita 5 hadi 6. Kete kubwa za kuchongwa zikiwekwa kwenye ubao mdogo wa zawadi husongamana hata kamera haioni nani yuko wapi, na ndipo mpangaji anapoanza kuondoa kete ili picha ipumue. Kabla hamjanunua ubao wa plastiki wenye herufi, tafuteni mraba a1, yaani ule wenye herufi a na namba 1. Uwe mweusi. Zipo mbao za bei rahisi zilizochapwa vibaya kiwandani, na mwanafunzi anayejifunzia kwenye ubao kama huo atanakili michezo yake yote kimakosa.

Wachoraji wa katuni nawapa uhuru wao. Kumchora mwanasiasa akiwa na mwili wa farasi au kitunda chenye miwani ni haki yao, na miraba wanaweza kuichora michache ikiwa nafasi ni ndogo. Ninachowaomba ni kona nyeupe ikae kulia, kwa sababu haiwagharimu hata tone la wino, na pia wasimchore mfalme kama kete inayofagia ubao mzima. Mfalme huenda mraba mmoja kwa hatua. Anayefagia ni malkia.

Filamu zina somo lake, kwa sababu baadhi zilijitahidi sana na bado zikateleza. Filamu ya James Bond ya mwaka 1963, From Russia with Love, inafunguka kwa mchezo wa fahari, na hatua zake hazikubuniwa. Ni mchezo wa kweli wa Boris Spassky dhidi ya David Bronstein, uliochezwa Leningrad mwaka 1960. Lakini kwenye ubao wa filamu vitunda viwili vyeupe, cha d4 na cha c5, havipo. Si jambo la pembeni. Katika mchezo halisi, farasi mweupe anayetua e5 na kutoa pigo la kuamua analindwa na malkia aliye f4 na pia na kile kitunda cha d4. Filamu imemwondolea mlinzi mmoja, na pigo lililokuwa safi likaanza kuwa na maswali.

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick aliupenda mchezo huu na aliucheza sana bustanini New York. Katika 2001: A Space Odyssey, ya mwaka 1968, kompyuta iitwayo HAL inacheza na mwanaanga, na hali ya ubao imetoka katika mchezo wa kweli wa Roesch na Schlage, Hamburg, mwaka 1910. HAL inatangaza mfululizo wa mwisho kwa lugha ya zamani ya kuandika hatua, ambamo kila mchezaji alihesabu safu kuanzia upande wake. Inasema malkia anakwenda mraba wa tatu wa askofu. HAL inacheza na kete nyeusi. Kwa hesabu ya upande wake mraba ule ni wa sita. Zaidi ya hapo, inaeleza kana kwamba askofu mweupe lazima amle malkia, na halazimiki. Mwanaanga angeweza kuchelewesha mwisho wake, ingawa ameshapotea. Wapo wanaoamini Kubrick aliliweka kosa hilo makusudi, kama ishara ya kwanza kwamba mashine imeanza kuharibika. Kwa jinsi alivyoujua mchezo, dhana hiyo naiheshimu.

Mazoea mengine ya filamu hayana utetezi huo. Shujaa husogeza kete, hutamka "chekimeti", yaani mfalme amenaswa na mchezo umekwisha, na mpinzani hushtuka kana kwamba paa limemwangukia. Wachezaji wazuri huuona mwisho hatua nyingi kabla, na mshindwa hukubali mapema: husimamisha saa, hutoa mkono, wote wawili hutia saini karatasi za hatua. Kumwangusha mfalme hakutakiwi na kanuni, na kutamka "cheki", yaani mfalme ametishiwa, pia hakulazimishwi. Mshtuko wa kweli upo, lakini ni adimu mno. Novemba 2006 huko Bonn, Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alimpeleka malkia wake e3 dhidi ya programu ya Deep Fritz, na programu ikamfunga mfalme kwa hatua moja, malkia h7. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa sababu jambo lile halitokei. Na filamu ikitaka ushindi wa haraka mno, upo mmoja tu wa hatua mbili, nao ni wa weusi: weupe lazima wasogeze kitunda cha f mraba mmoja au miwili na cha g miraba miwili, ndipo malkia mweusi aingie h4 na kumaliza kazi. Anayecheza hivyo hawezi kuwa gwiji wa hadithi.

Kwamba jambo hili linawezekana kufanywa vizuri, kuna ushahidi. Novemba 2022, siku moja kabla ya Kombe la Dunia la Qatar, kampuni ya Louis Vuitton ilitoa tangazo lililopigwa na Annie Leibovitz: Lionel Messi na Cristiano Ronaldo wameinamia kete zilizopangwa juu ya sanduku la nguo. Wachezaji waliisoma picha ile mara moja. Hali ya kete ilitoka kwenye mchezo wa Carlsen na Hikaru Nakamura, Norway, mwaka 2017, uliokwisha kwa sare. Wapinzani wawili ambao mashabiki wamebishana juu yao miaka yote, na mbele yao mchezo usio na mshindi! Aliyeujua mchezo alipata maana ya pili, na asiyeujua hakupoteza kitu.

Sasa makosa ya maneno, ambayo naona ni mazito kuliko ya kona, kwa sababu yanamgusa mtu. Mfululizo wa televisheni wa The Queen's Gambit, uliotolewa na Netflix mwaka 2020, ulipanga kete zake kwa uangalifu mkubwa. Bingwa wa zamani wa dunia Garry Kasparov na mwalimu wa sataranji Bruce Pandolfini walikuwa washauri. Ubao ukatoka safi. Kosa likaja kwenye sentensi moja ya mtangazaji katika sehemu ya mwisho, inayotokea Moscow mwaka 1968, akidai kwamba Nona Gaprindashvili hakuwahi kukutana na wanaume ubaoni. Mama huyo wa Georgia, bingwa wa dunia wa wanawake tangu 1962 hadi 1978 na mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha grandimasta, alikuwa amekwisha kucheza na wanaume wasiopungua 59 kufikia mwaka huo. Aliishtaki Netflix huko Marekani mwaka 2021 akidai dola milioni 5. Jaji alikataa kuitupa kesi, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana. Nguvu zote zilimwagwa kwenye kete, na sentensi inayomhusu mtu aliye hai ikaachwa bila kukaguliwa.

Magazeti yetu yana udhaifu huohuo katika vyeo. Kila anayeshinda shindano la mkoa huitwa "grandimasta". Cheo hicho, GM, hutolewa na FIDE kwa anayefikisha kiwango cha alama 2500 na kutimiza vigezo vya mashindano, kwa kawaida mara tatu. Chini yake kuna IM (masta wa kimataifa), kiwango 2400, pia kwa vigezo, FM (masta wa FIDE), 2300, na CM (masta mtarajiwa), 2200. Wanawake wanaweza kupata hivyo vyote, na pia wana vyeo vyao, vinavyotanguliwa na W ya wanawake: WGM 2300, WIM 2200, WFM 2100 na WCM 2000. Phiona Mutesi wa mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yalitengenezewa filamu iliyotoka mwaka 2016, alipata WCM kutokana na Olimpiadi ya Istanbul ya mwaka 2012. Ni mafanikio makubwa kwa msichana aliyeanzia pale, na hayahitaji kuongezewa cheo cha uongo. Hata neno bingwa linahitaji tahadhari. Carlsen alishika ubingwa wa dunia kuanzia 2013 akaamua kutoutetea. Ding Liren akautwaa mwaka 2023, na Desemba 2024 Gukesh wa India akamshinda Ding kule Singapore, akiwa na miaka 18. Anayeandika leo kwamba Carlsen ndiye bingwa wa dunia wa mchezo wa muda mrefu amechanganya ubingwa na nafasi ya kwanza katika orodha ya viwango.

Nimalizie na mafumbo ya sataranji yanayochapwa kwenye kurasa za burudani, maana huko kete moja ikidondoka msomaji anateseka jioni nzima na swali lisilo na jibu. Msikubali fumbo lililotumwa kwa picha pekee. Mtumaji aandike pia hali ya ubao kwa mfumo wa herufi ulioanzishwa karne ya 19 na David Forsyth, aliyekuwa mwandishi wa habari Scotland. Safu nane huandikwa kuanzia ya nane kushuka hadi ya kwanza, zikitenganishwa kwa mkwaju (/). Herufi ni za Kiingereza: K mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, P kitunda, kubwa kwa weupe, ndogo kwa weusi, na tarakimu huhesabu miraba mitupu. Mhariri asiyejua kucheza anaweza kukagua kwa kujumlisha tu: r1b2rk1 ni kete nne na miraba mitupu minne, jumla nane, basi safu imekamilika. Ikija saba au tisa, mrudishieni mtumaji. Hakikisheni K kubwa iko moja na k ndogo iko moja, na kwamba imetajwa ni zamu ya nani, weupe au weusi. Kosa likipita licha ya hayo, masahihisho ya kesho yake yachape mchoro wote upya. Sentensi tupu isemayo kwamba kitunda cha g7 kilisahauliwa haimsaidii msomaji ambaye gazeti la jana limeshafungia maandazi.

Mwalimu na mwamuzi wa sataranji,
Mombasa